Kurusha mkuki kwa vijana: miaka kumi baada ya Bydgoszcz, nani alifika na kwa nini

Agosti mwaka huu wa 2026, vijana wa riadha kutoka pande zote za dunia wamepangiwa kukutana Eugene, katika jimbo la Oregon nchini Marekani. Ni Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa vijana wa chini ya miaka 20. Huku kwetu Afrika Mashariki masikio yatakuwa kwenye mbio, kama kawaida yetu. Mbio ni jadi yetu, na medali nyingi tulizozizoea hutoka huko.

Safari hii tunaomba msikilizaji asizime redio mbio zinapokwisha. Katikati ya uwanja, kwenye majani, kuna mchezo mwingine ambao kijana yeyote wa kijijini anaufahamu mkono wake ukiwa umeshauzoea kabla hata hajaambiwa jina lake. Ni kurusha mkuki. Aliyewahi kurusha jiwe kuangua embe, au kurusha fimbo kumzuia ng'ombe asiingie shambani, ameshaanza somo la kwanza.

Katika makala haya tunarudi nyuma miaka kumi, hadi mji wa Bydgoszcz nchini Poland, Julai 2016. Mashindano ya mkuki ya vijana yaliyofanyika pale bado yanaeleza mengi kuhusu mchezo huu. Tunataka kuangalia waliosimama kwenye jukwaa siku ile, walikofika, na yule ambaye hakuwamo lakini akaja kuwapita wote. Kisha tutauliza swali linalotuhusu sisi: kijana wetu mwenye mkono mzuri anapomaliza shule, nini kinamtokea?

Kijana ni nani katika mashindano haya?

Tuanze na umri, kwa sababu hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mshiriki ni yule ambaye hatakuwa ametimiza miaka 20 ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano, na ambaye ifikapo siku hiyo atakuwa ametimiza angalau miaka 16. Kwa hiyo kinachoangaliwa ni mwaka wa kuzaliwa. Kwa mashindano ya mwaka huu ni waliozaliwa 2007, 2008, 2009 na 2010.

Hili si jambo dogo la makaratasi. Kijana aliyezaliwa Desemba na yule aliyezaliwa Januari ya mwaka uleule wanahesabiwa sawa, hata kama wamepishana karibu mwaka mzima. Na kijana asiye na cheti cha kuzaliwa hana namna ya kuthibitisha lolote. Anaweza kuwa na mkono wa dhahabu, lakini bila cheti hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna safari. Tutalirudia hili mwishoni.

Mkuki uleule wa watu wazima

Jambo la pili ni chombo chenyewe. Katika michezo mingi ya kurusha, vijana wa kiume hupunguziwa uzito. Tufe la watu wazima lina kilo 7.26, la vijana wa chini ya miaka 20 lina kilo 6. Kisahani cha watu wazima ni kilo 2, cha vijana ni kilo 1.75. Nyundo nayo hupunguzwa hadi kilo 6.

Mkuki haupunguzwi. Kijana wa kiume wa chini ya miaka 20 hurusha mkuki wa gramu 800, uleule anaorusha bingwa wa Olimpiki. Urefu wake ni kati ya mita 2.60 na 2.70. Wavulana wa chini ya miaka 18 ndio wanaotumia mkuki mwepesi zaidi, wa gramu 700, na wanawake wakubwa hutumia wa gramu 600.

Maana yake ni kwamba namba ya kijana katika mkuki inaweza kuwekwa moja kwa moja kando ya namba ya mtu mzima. Ukisikia kijana wa miaka 18 amerusha mita 80, huna haja ya kuuliza kama ni kwa chombo chepesi. Ni mita 80 kamili. Ndiyo maana kilichotokea Bydgoszcz kilishtua watu.

Sheria zenyewe ni chache. Mrushaji anashika mkuki kwa mkono mmoja pale penye uzi wa kushikia, na anaurusha kupitia juu ya bega. Haruhusiwi kuzunguka kama anayerusha kisahani. Anakimbia kwenye njia yake, na hatakiwi kuugusa wala kuuvuka mstari uliopinda ulio mwisho wa njia hiyo. Mkuki lazima utangulize ncha kugusa ardhi, na uangukie ndani ya eneo lililochorwa. Si lazima uchome na kusimama, ilimradi ncha imetangulia. Kwa kawaida kila mmoja ana nafasi tatu, kisha wanane bora wanaongezewa tatu nyingine. Anayeshinda ni mwenye mrusho mrefu kuliko yote, hata kama mingine mitano ilikuwa mibaya.

Siku ya Bydgoszcz

Tarehe 23 Julai 2016, kijana kutoka India aitwaye Neeraj Chopra alirusha mkuki mita 86.48. Alikuwa na miaka 18. Rekodi ya dunia ya vijana kabla ya siku ile ilikuwa mita 84.69, iliyowekwa mwaka 2011 na Zigismunds Sirmais wa Latvia. Neeraj aliipita kwa karibu mita moja na sentimita 80. Hadi tunapoandika makala haya, hakuna kijana aliyeivunja.

Ili msikilizaji apate picha, fikiria uwanja wa mpira. Simama kwenye mstari wa goli upande mmoja, urushe mkuki hadi karibu na boksi la penalti la upande wa pili. Huo ndio umbali.

Wa pili alikuwa Johan Grobler wa Afrika Kusini, mita 80.59. Wa tatu alikuwa Anderson Peters wa Grenada, kisiwa kidogo cha Karibiani chenye watu wasiofika laki mbili, kwa mita 79.65. Tazama nchi hizo tatu: India, Afrika Kusini na Grenada. Kwa miaka mingi mkuki ulikuwa ukihesabiwa kuwa mchezo wa Ulaya, wa Wafini, Wajerumani na Wacheki. Rekodi ya dunia ya mkuki wa sasa, mita 98.48, ni ya Mcheki Jan Železný tangu 1996. Lakini siku ile katika Bydgoszcz, mji wa Ulaya kwenyewe, hakuna Mzungu wa Ulaya aliyepanda jukwaani kwenye mkuki wa wanaume.

Neeraj anatoka kijiji cha Khandra, wilaya ya Panipat, katika jimbo la Haryana. Familia yake ni ya wakulima. Alipokuwa mtoto alikuwa mnene, na wazazi walimpeleka mazoezini ili apungue. Huko kwenye uwanja wa Panipat akawaona vijana wakubwa wakirusha mkuki, naye akajaribu. Baadaye alihamia Panchkula, ambako kulikuwa na uwanja bora wa riadha na vijana wenzake wa kufanya nao mazoezi. Kufikia 2016 kikosi cha India kilikuwa kinafundishwa na Gary Calvert kutoka Australia. Kwa hiyo mrusho wa Bydgoszcz haukuangushwa na mvua. Ulikuwa na miaka kadhaa ya mazoezi nyuma yake.

Mlango uliofungwa kwa siku 12

Kuna jambo la kusikitisha kidogo katika hadithi hii. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 2016, Michezo ya Olimpiki ilifanyika Rio de Janeiro. Neeraj hakwenda.

Kiwango cha kufuzu kilikuwa mita 83, na tarehe ya mwisho ya kukifikia ilikuwa 11 Julai. Februari mwaka ule, katika michezo ya nchi za Asia Kusini iliyofanyika Guwahati, Neeraj alikuwa amerusha mita 82.23. Alipungukiwa sentimita 77. Aliporusha 86.48 zilikuwa zimepita siku 12 tangu mlango ufungwe.

Kule Rio, medali ya shaba ilichukuliwa kwa mita 85.38. Hatuwezi kusema Neeraj angeipata, maana mkuki wa Poland haurushwi Brazil. Upepo ni mwingine, hofu ni nyingine. Lakini namba zinaonyesha kuwa kijana yule hakuwa mbali na wakubwa hata kidogo.

Fundisho hapa ni la kawaida, na mkulima analijua: msimu haumsubiri mtu. Makocha wanaowaandaa vijana wetu lazima wazijue tarehe za kufuzu tangu mwanzo wa mwaka, na wawatafutie mashindano ya kutosha kabla ya tarehe hizo.

Kutangulia si kufika

Sasa tuwafuate vijana wale mmoja mmoja.

Neeraj alipatiwa kazi katika jeshi la India mwaka uleule wa 2016. Akapelekwa nje kufanya mazoezi na makocha wa Ujerumani. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko na akakosa mashindano ya dunia ya Doha. Alirudi, na katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika Agosti 2021 kwa sababu ya korona, alishinda dhahabu kwa mita 87.58. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya India katika riadha ya Olimpiki. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia huko Budapest.

Anderson Peters, yule wa tatu wa Bydgoszcz, alipata nafasi ya masomo katika chuo kikuu cha jimbo la Mississippi nchini Marekani, akasoma huku akirusha. Doha 2019, wakati Neeraj akiuguza kiwiko, Peters akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21. Alilirudia taji hilo huko Eugene mwaka 2022 kwa mita 90.54, na safari hiyo Neeraj alikuwa wa pili.

Grobler, aliyemshinda Peters siku ile ya Poland, hajawahi kupanda jukwaa la medali la dunia au la Olimpiki kwa watu wazima. Hatusemi alishindwa maisha. Tunasema tu kwamba medali ya fedha ya vijana, tena kwa mrusho wa zaidi ya mita 80, haikumhakikishia lolote baadaye.

Na sasa yule ambaye hakuwamo jukwaani. Arshad Nadeem wa Pakistan amezaliwa 1997, mwaka mmoja na Neeraj. Mwaka 2016 walikutana Guwahati: Neeraj wa kwanza kwa mita 82.23, Arshad wa tatu kwa mita 78.33. Wakakutana tena kwenye mashindano ya vijana ya Asia katika Jiji la Ho Chi Minh, Vietnam, ambako Arshad alipata shaba kwa mita 73.40. Kwa aliyekuwa akiangalia namba za mwaka ule, Arshad alikuwa kijana mzuri aliyeachwa nyuma.

Miaka minane ikapita. Tarehe 8 Agosti 2024, katika fainali ya Olimpiki ya Paris, Arshad alirusha mita 92.97, rekodi mpya ya Olimpiki. Neeraj alikuwa wa pili kwa mita 89.45. Wa tatu alikuwa Peters, mita 88.54. Yaani wawili kati ya watatu wa jukwaa la Paris ndio walewale wa jukwaa la Bydgoszcz, na aliyewashinda wote wawili ni kijana wa rika lao ambaye mwaka ule wa 2016 alikuwa akipata shaba.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Katika mkuki msemo huu una sababu zake za kimwili. Mrushaji anahitaji kasi ya kukimbia, mguu wa mbele ulio imara wa kuuzuia mwili ghafla, kiuno na mgongo vya kuhamisha nguvu, na mwisho kabisa mkono. Mkuki wa kwenda mita 85 au 90 hutoka mkononi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mambo haya hayakomai kwa pamoja. Mmoja hukomaa akiwa na miaka 18, mwingine akiwa na 25. Arshad alipata dhahabu yake akiwa na 27.

Nani alilipia chakula?

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha makala haya. Ukiwaangalia hawa waliofika, hawafanani kwa nchi, dini wala umbo. Wanafanana kwa jambo moja: kila mmoja alikuwa na mahali pa kusimama kati ya miaka 19 na 25, wakati shule imekwisha na medali kubwa haijaja.

Neeraj alikuwa na jeshi. Peters alikuwa na chuo kikuu. Arshad, mtoto wa fundi wa ujenzi kutoka Mian Channu katika jimbo la Punjab, alichukuliwa na mamlaka ya maji na umeme ya Pakistan, ambayo ina timu za michezo na huwaajiri wanamichezo. Hakuwa tajiri. Machi 2024, miezi michache kabla ya Paris, alisema hadharani kwamba mkuki wake wa kimataifa alikuwa ameutumia kwa miaka saba au minane na umeshaharibika, akaomba msaada wa mwingine. Neeraj mwenyewe, mpinzani wake kutoka nchi isiyoelewana na yake, alijitokeza kushangaa kwamba mtu wa kiwango kile anahangaika na mkuki. Lakini pamoja na shida hiyo, Arshad alikuwa na ajira na alikuwa na kocha. Hakulazimika kuacha.

Mfano mwingine ni Keshorn Walcott wa Trinidad na Tobago. Anatoka Toco, kijiji cha pwani, mbali na mji mkuu. Julai 2012 alishinda mkuki katika mashindano ya dunia ya vijana huko Barcelona kwa mita 78.64. Agosti, mwezi mmoja baadaye, akiwa na miaka 19, akashinda dhahabu ya Olimpiki London kwa mita 84.58. Rio 2016 alipata shaba. Ile mita 85.38 tuliyoitaja juu ilikuwa yake. Kisha ikaja miaka mingi bila medali kubwa. Septemba 2025, katika mashindano ya dunia ya Tokyo, akiwa na miaka 32, akawa bingwa wa dunia kwa mita 88.16. Wa pili alikuwa Peters wa Grenada, mita 87.38. Neeraj alimaliza wa nane.

Visiwa hivi viwili vidogo vimewezaje? Walcott alikuwa na kocha wa mkuki kutoka Cuba, Ismael López Mastrapa, aliyemfundisha tangu ujana. Na tangu 1972, nchi za Karibiani zimekuwa na mashindano ya vijana yanayoitwa CARIFTA. Walcott na Peters wote walipitia hapo. Kijana wa Toco hakusubiri hadi Barcelona ndipo akutane na mgeni. Alikuwa ameshazoea kupimwa na vijana wa nchi za jirani.

Na kwetu je?

Tusidanganyane kwamba Afrika Mashariki haina historia katika mkuki. Zakayo Malekwa wa Tanzania alirusha mkuki kwenye Olimpiki tatu mfululizo: Moscow 1980, Los Angeles 1984 na Seoul 1988.

Na yupo Julius Yego wa Kenya. Alizaliwa 1989 katika kaunti ya sasa ya Nandi, nchi ya wakimbiaji. Alianza kwa mikuki ya miti aliyochonga mwenyewe. Kwa kukosa kocha wa mkuki, alikwenda kwenye mgahawa wa intaneti kutazama video za kina Železný na Andreas Thorkildsen wa Norway, akaiga hatua zao. Mwaka 2011 alishinda Michezo ya Afrika huko Maputo, na baada ya hapo akapata ufadhili wa kwenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, chini ya kocha Petteri Piironen. London 2012 alifika fainali, akawa wa 12. Beijing 2015 akarusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya dunia katika mchezo usio wa mbio. Mrusho ule bado ni rekodi ya Afrika. Rio 2016 akachukua fedha. Paris 2024, akiwa na miaka 35, alimaliza wa tano kwa mita 87.72.

Hadithi ya Yego husimuliwa mara nyingi kama muujiza wa kijana aliyefundishwa na simu na kompyuta. Sisi tunaona sehemu nyingine imesahauliwa. Yego aliajiriwa na polisi wa Kenya, akapata mshahara na muda wa mazoezi. Na video pekee hazikumfikisha Beijing. Kocha wa Finland alikuwapo. Video ilifungua mlango, ajira na kocha vikamwingiza ndani.

Kijana wetu wa kijijini siku hizi ana simu. Video anazo, kwa gharama ya bando tu. Kinachokosekana ni hayo mengine. Tuliotembelea michezo ya shule tumeona mara nyingi jambo lilelile: mwanafunzi anarusha mkuki vizuri katika kidato cha tatu, anafika ngazi ya wilaya au mkoa, anapewa cheti na makofi. Akimaliza kidato cha nne anarudi nyumbani. Shule inabaki na mkuki wake mmoja, yeye anabaki na jembe. Hakuna aliyemkataza kuendelea, ila hakuna mahali pa kuendelea. Mkimbiaji angalau ana barabara mbele ya nyumba yao. Mrushaji hawezi kufanya mazoezi kamili bila chombo, uwanja mpana na mtu wa kumsahihisha.

Ndiyo maana tunasema medali ya vijana ni mlango, si nyumba. Kazi ya nchi ni kujenga nyumba nyuma ya mlango huo: nafasi chache tu katika majeshi, polisi, magereza, vyuo na mashirika ya umma, kwa ajili ya vijana wanaorusha, si wanaokimbia na kucheza mpira tu. Hazihitajiki nafasi mia. Grenada ilihitaji kijana mmoja.

Yanayoweza kufanyika kijijini sasa

Hatuna uwezo wa kuajiri mtu kupitia redio. Lakini yapo mambo ambayo mzazi, mwalimu na kijana mwenyewe wanaweza kuyafanya bila kusubiri.

La kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kifuatilieni mapema, na tarehe iwe ya kweli. Kupunguza umri ili mtoto aingie kwenye mashindano ya vijana ni udanganyifu, na ukigundulika unamharibia yeye na wenzake. Tena kwa mkuki hauna faida ya kudumu: tumeona kwamba aliyechelewa kukomaa ndiye aliyeshinda Paris.

La pili ni usalama. Mkuki ni silaha, hata ule wa mti uliochongwa. Warushaji wote wasimame nyuma ya mstari mmoja. Mtu asiende kuokota mpaka wote wamekwisha kurusha na mwalimu ametoa ruhusa. Usikimbie ukiwa umeshika mkuki unapotoka kuuokota, na ubebe ukiwa umesimama wima. Pasirushwe karibu na njia ya watu, kisima au malisho. Ukichomoa mkuki ardhini, angalia kwanza nyuma yako. Mkia wake umewahi kuumiza macho ya watu.

La tatu ni kulinda kiwiko na bega. Mtoto wa miaka 13 asipewe mkuki wa gramu 800. Aanze na mipira, mawe madogo na fimbo nyepesi, ajifunze kukimbia, kuruka na kusimamisha mguu wa mbele. Asirushe kwa nguvu zote kila siku. Kiwiko kikiuma, apumzike. Neeraj alikuwa na madaktari wa kumfanyia upasuaji; wa kwetu wengi hawana.

La nne ni kupima na kuandika. Mwalimu mwenye futi kamba na daftari anaweza kuandika umbali wa kila mwanafunzi kila muhula. Kijana anayetoka mita 45 hadi 52 kwa mwaka mmoja ana habari ya kumwambia afisa michezo. Bila namba, ni maneno matupu. Na mtu akitaka kumpigia kijana debe kwenye chama cha riadha cha wilaya au kaunti, swali la kwanza atakaloulizwa ni: amerusha mita ngapi, kwa mkuki wa gramu ngapi?

Tutakachokisikiliza Agosti

Matokeo ya Eugene yatakapoanza kuingia, tutawaletea ya mbio na tutawaletea ya mkuki pia. Mkisikia kijana amepita mita 75, jueni huyo ni wa kufuatiliwa. Akipita 80, jueni amefika pale alipokuwa Grobler miaka kumi iliyopita. Na akivuka 86.48, basi rekodi ya mtoto wa mkulima wa Khandra itakuwa imekwenda.

Lakini tusikilize pia majina ya wale wa tano, wa nane na hata walioishia kwenye mchujo. Kama kuna wa kutoka Afrika Mashariki miongoni mwao, swali la kuuliza halitakuwa kwa nini hakupata medali. Swali litakuwa anarudi nyumbani kufanya nini, na mkuki atakaorusha mwaka kesho ni wa nani.